Korosho Saba Ndani ya Kopo



Wapendwa, wiki hii naanza kwa kuungama, maana kosa lenyewe watoto wenu wanalijua tayari.

Mwezi uliopita niliwaita watumishi wa altare wanisaidie kuokota korosho nyuma ya nyumba ya mapadri. Niliahidi shilingi 500 kwa kila ndoo, korosho zikiwa zimeshanyofolewa kwenye mabibo. Saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha. Sikuwa na chenji, nikawaambia waje kesho baada ya Misa. Kesho yake nikawahi kigangoni. Jumapili iliyofuata nikasema tusubiri mnada wa korosho. Neno hilo liliponitoka nikaona aibu, kwa sababu ndilo tunalolilalamikia sote, kuanzia Nachingwea mpaka Ruangwa.

Jumatatu jioni mmoja wao, mvulana wa darasa la nne, akabisha hodi. Alishika kopo la maziwa ya unga, akalitikisa kidogo, likalia. Ndani mlikuwa na korosho saba. Kila alipojaza ndoo alitenga korosho moja, tena kubwa, isiyo na doa.

"Shikamoo, Padri. Hizi ndizo ndoo zangu."

Hakuongeza neno. Nilimlipa shilingi 3,500 palepale, kwa noti nilizoazima kwa mpishi, kisha nikawatafuta wenzake.

Yule mwenye shamba la mizabibu, katika Mathayo sura ya 20, tumezoea kumsifu kwa ukarimu wake kwa waliokuja saa kumi na moja. Usiku ule niliona jambo jingine: jioni ilipofika alitaka watu wote walipwe. Hakuna aliyekwenda kulala akimdai. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, humtaka mwajiri amlipe kibarua maskini kabla jua halijatua.

Wazazi huniuliza namna ya kumfundisha mtoto kutunza fedha. Zamani nilikuwa na jibu la haraka: mnunulie kibubu. Siku hizi nauliza kwanza kama mnampa mlichomwahidi. Kuweka akiba ni kuiamini kesho, na mtoto ambaye kesho ya nyumbani kwao haifiki atakula leo chochote alichokipata. Nani atamlaumu?

Sisi wenyewe tunayajua hayo. Msimu wa 2018 wakulima walikataa bei za mnada, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri. Uhakiki wa wakulima ukachukua muda, na wengi walivuka Krismasi na Januari ya sare na madaftari wakiwa mikono mitupu. Katika kungoja kama kule ndipo kangomba, mnunuzi wa magendo, hupata mlango: analipa kidogo, lakini analipa sasa, tena kwa bakuli lake mwenyewe. Tunawaambia watoto kuwa haba na haba hujaza kibaba. Tuwaambie pia waangalie kibaba ni cha nani. Mtoto anayeokota msimu mzima bila kuonja hata shilingi, siku moja atachota bakuli moja la korosho za baba yake alipeleke uchochoroni.

Sisemi kila kazi ilipwe. Kuteka maji, kuosha vyombo na kufagia uwanja ni kazi za kuishi pamoja. Ukimlipa mtoto kwa kumpelekea bibi yake ndoo ya maji, umemfanya bibi kuwa mteja. Lakini kazi inayozaa fedha, mtoto aione fedha yake. Nendeni naye siku ya kupeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Aone mzani, aisome stakabadhi, aulize makato ni ya nini na RUNALI ni nini (ni chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, jina likichukua herufi mbilimbili). Hesabu ya gunia la nyumbani kwao haisahau. Kupuliza salfa msimpe kabisa, wala kubangua, maana mafuta ya ganda huchoma ngozi.

Na mabinti. Katika nyumba nyingi ninazozitembelea, kazi za binti ni zile zisizouzwa, na za kaka yake ndizo zinazofika mnadani. Binti anafika umri wa kuolewa hajawahi kushika fedha aliyoitolea jasho, halafu tunashangaa akidanganywa kwa vocha ya simu. Hili linaniudhi kuliko kangomba. Ufuta wa mwezi wa sita na mbaazi zinazoufuata zimpe naye fungu lake, na kaka yake ashike masufuria.

Mtauliza yule mvulana alizifanyia nini fedha zake. Shilingi 1,500 ziliisha jioni ileile kwa mihogo ya kukaanga na barafu, yeye na rafiki zake. Nilitaka kumkemea, nikakumbuka kwamba si zangu. Shilingi 2,000 alimpa bibi yake amtunzie. Bibi, siku mbili baadaye, akanunulia chumvi, sabuni na kiberiti.

Naambiwa pale kwao sasa kuna kopo la pili, liko juu ya kabati la vyombo. Lina korosho nne.