Deni la Dola kwa Raia Aliye Ugenini

Raia akikamatwa ugenini, ndugu zake hutaka ubalozi umtoe. Ubalozi hauwezi, na ni heri usiweze. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unamruhusu ofisa wa konseli kumtembelea mahabusu, kuandikiana naye, kumtafutia wakili, kutoa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kulinda mirathi ya aliyefia huko. Ibara ya 55 ya mkataba huohuo inamtaka aheshimu sheria za nchi mwenyeji na asiingilie mambo yake ya ndani. Kwa hiyo hana amri juu ya hakimu wala polisi. Anayeona hilo ni unyonge ajiulize kama angeridhia konseli wa taifa kubwa aingie gereza la Kamiti au Keko na kuondoka na mtu wake.

Swali zito ni jingine: hayo machache yaliyobaki ni haki ya raia au hisani ya serikali? Kwa karne nyingi jibu lilielemea hisani. Mwanasheria Emer de Vattel aliandika mwaka 1758 kwamba amdhuruye raia ameidhuru dola yake. Maneno hayo yanasikika matamu, ila kwa mantiki hiyo madai huwa mali ya dola, nayo dola inaweza kuyatupa ikipenda. Mwaka 2004 raia 69 wa Afrika Kusini walioshikiliwa Zimbabwe, wakihusishwa na njama ya mapinduzi Guinea ya Ikweta, waliiomba Mahakama ya Katiba ya nchi yao iilazimishe serikali kuwatetea. Katika kesi hiyo, iitwayo Kaunda, mahakama ilikataa kwamba raia ana haki ya kutetewa kidiplomasia. Ikakubali tu kwamba ana haki ya kuomba, na serikali ina wajibu wa kulipima ombi lake kwa dhati. Huo ni ushindi mwembamba, lakini si bure: hisani haipimwi mahakamani, wajibu hupimwa.

Tena sheria ya kimataifa imeshavuka hapo. Mwaka 2001, katika kesi ya LaGrand kati ya Ujerumani na Marekani, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba ibara ya 36 ya mkataba wa Vienna, inayodai mahabusu aelezwe bila kukawia kwamba anaweza kuwasiliana na konseli wake, inampa haki mtu mwenyewe. Afrika nayo ina mfano wake. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea aliyeishi Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) zaidi ya miaka 30, aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1995 na kufukuzwa nchini Januari 1996. Mahakama hiyo iliamua mwaka 2010 kwamba Kongo ilivunja ibara hiyo, na mwaka 2012 ikaagiza Guinea ilipwe dola 95,000 za Marekani kwa madhara aliyoyapata.

Wapo wasemao aliyejipeleka, pengine kwa wakala wa vichochoroni, hana cha kudai. Lakini ibara ya 36 haiulizi mtu alisafirije wala kama ana hatia. Mwenye hatia ndiye hasa anayehitaji mtu wa kumtazama. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mataifa makubwa huwatoa watu wao kwa simu moja. Ni kweli, lakini hizo ni nguvu za kisiasa, na mnyonge akiegemea nguvu hana pa kushika.

Udhaifu halisi wa ibara ya 36 uko kwingine. Inaanza kazi polisi wanapomshika mtu. Mfanyakazi wa nyumbani huko Ghuba, ambaye pasipoti yake imefichwa na mwajiri, hajashikwa na dola, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuarifu ubalozi, na konseli hawezi kuingia nyumba ya mtu. Hata mageuzi ya ajira ya Saudi Arabia ya 2021 hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Kama dola ina deni kwake, sehemu kubwa inalipwa Nairobi au Dar es Salaam kabla hajapanda ndege: mkataba ukaguliwe, wakala ajulikane, na ubalozi uwe na jina la mwajiri na mahali anapoishi.