Mbuzi Aliyewatafuta Wenzake

Babu yangu wa Kondoa ana sharti moja la kuchinja. Kisu kinanolewa nyuma ya nyumba, mbuzi asikione. Kama wa kuchinjwa ni wawili, wa pili anafungwa mbali ili asione yanayompata mwenzake. Utotoni niliona ni usumbufu tu. Nililifikiria upya sharti hilo nikiwa mbali sana na Kondoa, kwenye visiwa vya Galápagos, karibu kilomita 1,000 kutoka pwani ya Ekuador.

Kinachokushangaza kule si sura za wanyama, ni kutoogopa kwao. Simba bahari analala kwenye benchi la bandarini na wewe ndiye unayetafuta pa kukaa. Iguana wa baharini wamelundikana juu ya mawe, wanapiga chafya za chumvi, hawakupishi. Charles Darwin alipofika mwaka 1835 aliandika kwamba alimsukuma mwewe tawini kwa mtutu wa bunduki. Leo kanuni inakutaka ukae umbali wa mita 2, na nakiri kwamba mara nyingi ni mimi niliyerudi nyuma, si mnyama.

Ni raha kuaminiwa hivyo. Lakini baada ya siku mbili raha hiyo iliniingia wasiwasi. Wale wanyama hawatuamini, hawajatujua tu. Wawindaji wa nyangumi wa karne ya 19 waliwabeba kobe wakubwa kwa maelfu, wakawapanga melini wakiwa hai, kwa kuwa kobe huvumilia miezi bila chakula wala maji. Ilikuwa nyama isiyooza, na haikukimbia.

Watu walileta pia mbuzi. Mbuzi wakazaana, wakala majani na vichaka ambavyo kobe walivitegemea. Mjini Puerto Ayora nilisimama mbele ya mwili uliohifadhiwa wa George, kobe wa kisiwa cha Pinta. Alionekana mwaka 1971, akatafutiwa mwenzake wa jamii yake miaka mingi bila mafanikio, akafa tarehe 24 Juni 2012. Hakuna mwingine wa jamii hiyo anayejulikana.

Ili wengine wasifikie alipofikia George, kati ya mwaka 1997 na 2006 waliuawa mbuzi zaidi ya laki moja katika kisiwa cha Santiago na kaskazini mwa Isabela, wengi kwa risasi kutoka kwenye helikopta. Waliobaki walijificha. Hapo ndipo ilipotumika mbinu ya mbuzi walioitwa Yuda. Mbuzi anavishwa kola ya redio na kuachiwa. Kwa kuwa mbuzi hapendi upweke, anawatafuta wenzake mpaka awapate. Helikopta inamfuata, inawaua wote, inamwacha yeye. Anaanza tena kutafuta.

Nimekulia kwenye zizi, najua mbuzi anavyolia akitengwa. Kwa hiyo hesabu ya kwamba mbuzi ni wengi duniani na kobe wale ni wachache hainitoshi. Jamii ya viumbe haisikii maumivu. Anayesikia ni mmoja mmoja. Na mbuzi hakujileta kisiwani.

Hata hivyo, kuwaacha mbuzi kusingekuwa kunawa mikono. Kobe wangekufa kwa njaa, polepole, bila mlio wa bunduki wa kutusumbua. Aliyeingiza mbuzi hawezi baadaye kujiita mtazamaji. Nikipima yote, nakubali kwamba kazi ile ilipaswa kufanywa. Uoto umerudi, na kobe wana pa kula.

Kinachonikwama ni mbinu. Mwindaji wa nyangumi alitumia kutoogopa kwa kobe; sisi tulitumia hamu ya mbuzi ya kuwa na wenzake. Nia zinatofautiana sana, lakini nia haionjwi na anayeuawa.

Niliporudi nilimsimulia babu. Alisikiliza hadi mwisho.

“Na huyo mwenye kola, alikuwa anaona wenzake wakifa?”

“Ndiyo, babu. Tena si mara moja.”

“Walikuwa na njia nyingine?”

“Ya kuwamaliza wote, sidhani.”

Alinyamaza kidogo. “Basi mjukuu wangu, wasiseme walifanya vizuri. Waseme walilazimika.”

Mwanzoni niliona ni kucheza na maneno. Sasa naona tofauti yake. Anayesema amefanya vizuri amemaliza, anaweza kurudia kesho bila kuulizwa. Anayesema alilazimika bado anadaiwa: akague mabegi ya wageni, azuie mbegu na mnyama mwingine asiingie, ili asije akalazimika tena.

Uwanja wa ndege wa Galápagos walinikagua begi kwa makini hadi nikaudhika. Ningejua haya mapema, ningelifungua mwenyewe.