Kudra ya Mungu na Ulinzi wa Mama na Mtoto

Wako watu wasemao ya kuwa UKIMWI ni adhabu tu, na kwamba anayekwenda kupimwa au kumeza dawa anashindana na kudra ya Mwenyezi Mungu. Maneno haya hutoka hata vinywani mwa Waislamu, na ndugu waliosilimu karibuni hubabaika wayasikiapo.

Katika mwaka wa 18 Hijria Seyidna Umar r.a. alikuwa akisafiri kwenda Shamu. Alipofika Sargh akapata habari ya kuwa tauni imezuka mbele yake. Akafanya shauri na masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Umar r.a. akajibu ya kuwa anaitoka kudra moja na kuiendea nyingine, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: popote alishapo, alisha kwa kudra ya Mungu. Baadaye akatokea Abdur Rahman bin Auf r.a., ambaye hakuwapo shaurini, akatoa ushahidi kwamba Mtume s.a.w. aliagiza nchi yenye tauni isiingiwe, wala aliyemo asitoke kwa kuikimbia.

Waislamu wa Uganda waliifahamu hoja hii mapema. Mwaka 1989 viongozi wao pamoja na chama cha waganga Waislamu wa nchi hiyo walitangaza jihadi juu ya UKIMWI, na tangu 1992, katika wilaya ya Mpigi, maimamu na wasaidizi wao walifunzwa na kutumwa nyumba kwa nyumba vijijini. Jihadi isiyo na upanga! Waahmadiyya tumeihubiri siku zote, nasi tulishutumiwa kwayo.

Mama mwenye virusi asipopata tiba, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama kwa maziwa. Akitibiwa sawasawa, hawafiki 5. Kwa sababu hiyo Malawi ilianza mwaka 2011 kumpa kila mja mzito mwenye virusi dawa za maisha yote, bila kungoja kipimo cha damu ambacho zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na mtambo wake.

Na maziwa je? Kurani Tukufu yataja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha (2:234). Kuna wakati akina mama hawa waliambiwa watumie maziwa ya kopo. Huko Botswana, mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, watoto wengi wasionyonya walikufa kwa kuharisha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaeleza ya kuwa mama anayemeza dawa zake barabara aweza kunyonyesha hata miezi 24 au zaidi.

Lakini kuna mume amwachaye mkewe apimwe peke yake, kisha akionekana na virusi amfukuza, ingawa labda ni yeye aliyevileta nyumbani. Kurani yawaita mume na mke vazi, kila mmoja kwa mwenziwe (2:188), na kazi ya vazi ni kusitiri. Basi mume na aende naye kliniki, wapimwe pamoja. Wachumba wapimwe kabla ya nikaha. Mtoto apimwe afikapo wiki sita, na tena baadaye, hata atakapokwisha kuachishwa ziwa.