Bega Lisiguse Mkeka

Somo: Waefeso 6:10–18, Wagalatia 6:1–5



Nikitaja mieleka najua wengi wenu mnafikiria ile ya kwenye televisheni, wanaume wazito wakipigana viti na kurukiana kutoka juu ya kamba. Hiyo tuiache kando. Nataka tuangalie mieleka ya shule za sekondari kule Marekani, ambapo vijana hushindana kwa timu, shule kwa shule, na refa analala kifudifudi kuchungulia kama bega limegusa mkeka. Kwa nini hiyo? Kwa sababu Paulo, pale mstari wa 12, alipotafuta neno la kueleza vita vyetu na pepo wabaya, hakuchukua neno la mbio wala la ngumi. Neno lake la Kigiriki ni la mieleka. Na tena hasemi ni mieleka yangu, au yako. Anasema ni yetu.

Sasa sikia vile hesabu yao inaenda. Timu inaweza kuwa na vijana 14, kila mmoja na uzito wake, kuanzia mwembamba wa kilo 48 hadi jitu la kilo 129. Pambano ni vipindi vitatu vya dakika mbili mbili. Ukimlaza mwenzako chali, mabega yote mawili yakashikwa mkekani kwa sekunde mbili, mchezo umeisha hapo hapo na timu yako inaandikiwa pointi 6. Lakini ukimshinda kwa alama tu bila kumlaza, na tofauti ikiwa chini ya alama 8, timu yako inapata 3 pekee.

Umeiona hiyo? Mchukue kijana wa mwaka wa kwanza aliyepangiwa bingwa. Kila mtu ukumbini anajua atapigwa, hata mama yake anajua. Kazi yake leo si kushinda. Kazi yake ni kutolala chali. Akipigwa saba kwa bila halafu atoke mkekani akitembea kwa miguu yake, amewanyima wale pointi 3. Na yapo mashindano yanayoamuliwa kwa pointi moja au mbili. Jioni hiyo bingwa wa shule anabebwa juu juu, lakini ukirudi kwenye karatasi ya hesabu unakuta aliyeokoa siku ni yule mdogo aliyepoteza.

Hapo ndipo kocha mzuri anajulikana. Kumfundisha kijana mwenye kipaji si kazi kubwa. Shule zinazoshinda mwaka baada ya mwaka ni zile ambazo kocha anampigia magoti yule wa mwisho, anamfundisha afanye nini akiwa amelemewa: kanyaga mkeka kwa nyayo, inua mwili wote kwa shingo, geuka upande, hakikisha bega moja halijagusa. Wanairudia kila siku mpaka mwili unaijua bila kuuliza kichwa. Na wenzake wako pembeni ya mkeka wanapiga kelele, kwa sababu wao wanaona saa na yeye haioni. Yeye anaona dari tu. Anadhani imebaki dakika nzima, kumbe ni sekunde nane.

Hebu tuulizane, sisi tunafanya nini ndugu akiwa chali? Kuna ndugu alikuwa ameacha chang'aa miezi kumi, mwezi huu amerudi. Kuna dada ndoa imemshika koo, na hajafika ibadani wiki nne. Tunajua. Tunaongelea hapo nje tukingoja matatu. Tunasema "huyo ameanguka," na tunamwandikia 6 kabla refa hajapiga mkeka! Paulo anawaambia Wagalatia kwamba mtu wa namna hiyo arejezwe upya, tena kwa upole. Mtu kama huyo hahitaji kuelezwa jinsi alivyoangushwa. Yeye mwenyewe anajua. Anahitaji mtu wa kumpigia simu saa nne usiku na kumwambia, "Zimebaki sekunde nane, usilegeze shingo." Na angalia tena Waefeso mstari wa 13 na wa 14. Kinachorudiwa pale ni kusimama. Hatuambiwi kila mmoja wetu atatupa jitu.

Kuna Mmarekani anaitwa Dan Gable. Tangu sekondari hakuwa amepoteza hata pambano moja la shule wala la chuo, halafu mwaka 1970, pambano lake la mwisho kabisa la chuo, akapigwa. Miaka miwili baadaye kwenye Olimpiki ya Munich alichukua dhahabu bila kufungwa hata alama moja, kisha akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Iowa na kushinda ubingwa wa taifa mara 15. Kama angekuwa kwetu, nashuku mwaka ule wa 1970 angenyang'anywa kipaza sauti.

Lakini makocha nao wana dhambi zao, na hapa lazima niseme. Mchezo huu ni wa uzito, kwa hivyo kijana anaweza kujinyima chakula na maji, akavaa mpira mwilini na kukimbia kwenye joto, mradi ashuke kilo kabla ya kupimwa. Mwisho wa mwaka 1997 wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani walikufa hivyo, mmoja baada ya mwingine, katika muda wa kama mwezi mmoja. Ndipo kanuni zikaja. Leo hata mwanafunzi wa sekondari anapimwa maji na mafuta ya mwili kabla ya msimu, na haruhusiwi kushusha zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki, hata kocha akitaka.

Sisi Wakenya hatuhitaji kupanda ndege kuelewa hiyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Watu waliambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Walitii. Walikuwa watu wanaopenda Mungu, wenye Biblia kama yako.

Kwa hivyo tunapoanza mfungo wetu Jumatatu, sikieni vizuri. Maji mnakunywa. Anayemeza dawa za sukari, presha, TB au ARV haachi hata siku moja, na ale chakula chake. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanakula. Watoto wanakula, tena mapema. Ukisikia kizunguzungu, kunywa uji na uendelee kuomba, Mungu hajakufukuza. Kiongozi wa seli akikwambia vingine, njoo kwangu. Na kama ni mimi nimekwambia, nenda kwa wazee wa kanisa, na mkinikataza nitanyamaza.

Nimeacha jambo moja kuhusu zile hesabu. Timu ikikosa mtu wa uzito fulani, wapinzani wanapewa pointi 6 za bure. Sita, sawa kabisa na kulazwa chali. Kiti kitupu kinagharimu sawa na kipigo kibaya kuliko vyote. Ndiyo maana makocha wao huzunguka kwenye korido za shule wakitafuta mtoto mwembamba wa kilo 48 ambaye hajawahi kukanyaga mkeka, wakimbembeleza aje tu asimame.

Daftari la zamu za maombi ya mfungo liko mezani kwa mashemasi. Saa sita usiku hadi saa nane imejaa, akina mama wameichukua kama kawaida yao. Saa tisa hadi saa kumi, Jumanne na Alhamisi, hakuna jina. Hatutafuti mtu anayejua kuomba kwa sauti kubwa. Ukiweza kukaa macho na kutaja majina ya watu wetu, andika jina lako, na namba ya simu ili mwenzako akuamshe.