Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Mbung'o na Mlango wa Maji



Leo tumtafakari mbung'o. Najua wenzetu wafugaji wa Meatu, na wanaoishi kandokando ya Pori la Akiba la Maswa, hawataki hata kusikia jina lake. Huyu ndiye anayewaletea ng'ombe nagana na binadamu malale. Lakini Surat Al-Baqara, aya ya 26, inatufundisha kuwa Mola wetu haoni haya kupiga mfano hata wa mbu. Basi na sisi tusione tabu.

Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Anabeba buu mmoja kwa wakati, anamlisha tumboni kwa maziwa mpaka amzae akiwa amekua. Maziwa yanataka maji, na maji hayo yanatoka mwilini mwa mama. Yanapitia milango midogo mno kwenye utando wa seli, yaani protini zinazoitwa akwaporini. Hata miili yetu inayo. Ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Mwaka 2014 watafiti walitangaza matokeo ya kuipunguza milango hiyo kwa mbung'o majike. Sikilizeni jamani: mama alistahimili ukavu vizuri zaidi, maana maji yake yalibaki kwake. Lakini maziwa yakawa mazito, mimba ikachelewa, buu akapungukiwa maji, na uzazi ukashuka. Nafuu ya mama ililipwa na mtoto.

Sasa tujiulize: mbung'o anayetoa maji yake ana thawabu? Hana. Hakuchagua. Kwa hiyo tusimwite mkarimu, na hakuna ubaya kumtegea mitego wala kuogesha ng'ombe dawa. Ukarimu unaanzia pale mtoaji alipoweza kabisa kutotoa.

Na hapo ndipo tulipo sisi. Saa tisa alasiri koo limekauka, maji yapo mtungini, hakuna anayekuona, na bado hunywi. Umeshathibitisha kuwa mlango uko mkononi mwako. Anayeweza kuufunga kwa ajili ya Allah atasemaje kwamba kuufungua kumemshinda?

Mwingine atasema, "Nikitoa nitapungukiwa." Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa sadaka haipunguzi mali, nasi tunaamini. Ila tusidanganyane: bomba likikatika, kila ndoo inayotoka kwenye tangi lako unaiona kwa macho imetoka. Imani ni kufungua wakati macho yanaona upungufu. Kama hakuna kinachoonekana kupungua, tumejaribiwa kwa lipi?

Basi mtoto wa jirani akisimama getini na dumu tupu, usimuulize kwao wanafunga au hawafungi. Yule mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa kwa kiatu chake alisamehewa dhambi zake. Itakuwaje kwa jirani, awe wa dini yoyote?

Leo kabla ya adhana ya magharibi, kila mmoja wetu atazame kitu kimoja alichokifungia, maji, chakula au hata neno zuri, akifungue kwa mtu mmoja.

Ewe Mola, ulizipa seli milango, nasi ukatupa hiari. Usituache tukaitumia hiari hiyo kufunga tu. Aamin.

Ramadhani Kareem. Mtumie na mwenzako.