Msiwahukumu Watu wa Kitabuni Kabla ya Kuwasikiliza

Ndugu zangu wa Masasi na Newala, wazazi, walimu, nanyi wanafunzi mlioketi na daftari la fasihi magotini, nitegeeni sikio.

Mfalme Daudi aliletewa kesi ya kondoo. Wakristo wanaisoma kwa nabii Nathani: tajiri mwenye makundi ya mifugo alimnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee, aliyelelewa kama binti wa nyumbani, akamchinjia mgeni. Daudi akawaka hasira, akasema mtu huyo anastahili kufa. Kumbe tajiri wa hadithi ni yeye mwenyewe. Waislamu wanaisoma katika Sura Sad: wagomvi wawili waliparamia ukuta wakamwingilia mihrabuni, mmoja akilalamika kwamba ndugu yake ana kondoo 99 na bado anamtaka huyu wake mmoja. Daudi akakata shauri akiwa amesikia upande mmoja tu, kisha akatambua kwamba aliyekuwa akijaribiwa ni yeye. Akaanguka kifudifudi akiomba maghufira.

Hapo misikiti ya Newala na makanisa ya Masasi yanasimulia jambo lilelile, nami nalishika kwa mikono miwili. Mfalme alisikia kisa, akampima mhusika, akatoa hukumu, na hukumu ikamrudia. Huo ndio uhakiki wa fasihi. Haukuanzia kwenye silabasi, wala hautakwisha siku ya mtihani.

Sasa tazameni tunavyoufanya sisi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hajafungua tamthiliya hata ukurasa mmoja. Ana desa. Kalinakili kwa rafiki, rafiki kalinakili kwa kaka yake aliyemaliza miaka mitatu nyuma. Desa linasema: mhusika mkuu, ni jasiri, ana msimamo, anafaa kuigwa na jamii. Ukurasa wa pili: ni mlevi, ni katili, hafai kuigwa na jamii. Basi! Mtu mzima aliyeumbwa na mwandishi kwa miezi na miaka, mwenye mke, mwenye hofu, mwenye usiku asiolala, amezikwa kwa mistari mitatu. Anafaa, hafai. Hata baraza la kijiji linalosikiliza kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani halihukumu haraka hivyo. Mwenye mbuzi ataitwa, mwenye shamba ataitwa, mzee mmoja atauliza uzio ulikuwa wapi. Mbuzi anasikilizwa kuliko mhusika wa kitabuni!

Nasema haya nikiwa na hatia. Kwa miaka mingi nilisimama ubaoni nikiandika hizo hoja tatu kutoka katika kila kitabu, watoto wakinakili kimya, nami nikiuita ukimya ule nidhamu. Siku moja msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani wewe ulimwonea huruma?" Tulikuwa tukizungumzia Sekai, yule mama katika riwaya ya Takadini aliyekimbia na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vipengele: mapenzi ya mama, mila potofu, ukombozi wa mwanamke. Huruma sikuwa nayo, kwa sababu kitabu chenyewe nilikuwa sijakigusa muda mrefu. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, nilimfundisha mama yule kama orodha ya bidhaa za dukani. Namwomba Mungu anisamehe kwa hilo, nami nawasihi walimu wenzangu msilirudie.

Chukueni Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Desa litawaambia Shylock ni mkopeshaji katili aliyetaka ratli ya nyama kutoka mwilini mwa mdeni wake, hafai kuigwa. Je, kuna mtu wa Newala anayehitaji kufundishwa riba na udhalimu? Nani hapa haijui kangomba? Miezi ya njaa, mikorosho bado ina maua, mtu anakuja na fedha kidogo mkononi. Mkulima ana mtoto mgonjwa, ana ada ya shule. Anapokea, anaahidi korosho ambazo hazijaanguka. Msimu ukifika, wenzake wanapeleka magunia ghalani kusubiri mnada wa chama cha ushirika, yeye magunia yake yamekwisha kwenda. Mtu wa namna hiyo akisoma mkataba wa Shylock, mwili utamsisimka.

Lakini soma zaidi, ndugu yangu, usiishie hapo. Shakespeare katika jina la mchezo wake alitaja mfanyabiashara mmoja, na huyo ni Antonio, yule ambaye kila desa linamwita mwema. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akachagua neno mabepari, tena kwa wingi. Wingi huo una uzito! Kidole hakimwelekei Shylock peke yake, kinaizunguka Venisi yote. Kabla ya mkataba, Antonio alikuwa amemtemea Shylock mate hadharani na kumwita mbwa, kisha akaja kumkopa ducat 3,000, wala hakuahidi kuacha kumtemea. Na Portia, aliyesifu rehema kwa maneno matamu kuliko yote mle ndani, anasimama pale mahakamani Shylock akinyang'anywa mali na hata dini yake. Nami nauliza, na sitaki jibu la desa: rehema ile ilikwenda wapi? Kangomba ni dhuluma, sirudi nyuma katika hilo. Ila mtu aliyesoma mchezo ule mpaka mwisho hawezi tena kumwona mdhalimu mmoja na kuwasahau wote waliomtengeneza, wala hawezi kuamini kwamba aliyeshinda kesi ndiye mwenye haki.

Na sasa nafika nyumbani kabisa.

Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905. Kabla mwezi ule haujaisha, misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto. Hapa hapa, chini ya milima hii ya mawe mnayoiona mkienda sokoni! Kusini hii iligawanyika: wako waliobeba maji ya Kinjeketile, yaliyoaminiwa kukinga risasi, wako walioyakataa, wako waliopigana upande wa Mjerumani. Yawezekana damu ya pande zote mbili imo ndani ya darasa lako moja. Halafu mtoto wa Masasi anaandika kwamba tamthiliya hii inazungumzia umoja na ukombozi, anafunga daftari, anakwenda kucheza mpira.

Hussein hakuanza na mikuki. Alianza na wanawake wawili wanaozungumzia chakula, kwa sababu watu walikuwa wakitumikishwa kwenye pamba ya mgeni huku mashamba yao yakilala. Desa huruka hapo, maana hapana "tukio". Ndugu zangu, tukio ni lile! Ukilala njaa na kuamshwa na kiboko, neno lolote litakaloahidi mwisho wa kiboko utalipokea. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu ya kuliamini neno la maji, na sababu hiyo imewekwa katika mlango wa mchezo ili tusipite bila kuigusa.

Kisha mtazameni Kinjeketile mwenyewe, ambaye mwandishi ametutahadharisha kwamba ni mtu wa kubuni, si picha ya yule wa Ngarambe. Katika kupagawa kwake ametoa tamko kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Unguja. Akizinduka na kulisikia, anatetemeka: tunamfukuza bwana mmoja ili tuingie kwa mwingine? Anataka wasubiri, waungane kwanza. Watu hawasubiri, neno limekwisha kumtoka, lina miguu yake. Mwishoni ameshindwa, amefungwa, na rafiki yake Kitunda anamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akikiri, mtawala ataigeuza kauli hiyo kuwa fundisho kwa wajukuu kwamba kupigania uhuru lilikuwa kosa.

Je, ule ni ujasiri? Mimi nasema ndiyo, na nalisema hilo huku moyo ukiniuma, kwa sababu maelfu walikufa kwa neno ambalo mwenyewe alilitilia shaka. Kitunda naye si mwoga, ndiye aliyeona miili. Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi, na kila mara nahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Wewe utasimama na nani? Hilo ndilo swali la fasihi, na hakuna kijitabu cha uchambuzi kitakachokusimamia.

Mchezo mzima unahusu neno lililopokelewa bila kuchunguzwa. Nasi tunausomesha kwa maneno yanayopokelewa bila kuchunguzwa! Wazee wetu walikuwa na kiboko mgongoni. Sisi nani anatuchapa?

Mtaniambia vitabu havipo, darasa zima lina nakala mbili, moja haina jalada. Nalijua hilo vizuri. Lakini ninyi ni watu wa namna gani? Si ninyi mliolelewa kwa kusikiliza, jandoni na unyagoni, usiku hata usiku, bila kipande cha karatasi? Si ninyi mnaosimama kwenye ngoma ya mapiko, kinyago kikaingia uwanjani, na kwa mwendo tu wa mabega mkatambua huyu ni mzee mwenye kiburi, huyu ni mlevi, huyu ni mtawala? Mna jicho la mhusika kuliko watu wengi wa mijini. Nakala moja, sauti moja yenye nguvu, watu thelathini chini ya mkorosho: kitabu kitasomeka kwa wiki mbili.

Tena Masasi haikukutana na vitabu jana. Edward Steere, aliyewaleta hapa watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, ndiye aliyechapa Unguja, mwaka 1867, kijitabu cha hadithi za Shakespeare kwa Kiswahili. Na Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, alimaliza shahada yake ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, akahariri magazeti kabla ya kuiongoza nchi. Lupaso si mbali. Mnaijua njia.

Wazazi, msimnunulie mtoto desa kabla hamjamuuliza kitabu kimefika ukurasa wa ngapi. Walimu, futeni ubaoni "anafaa kuigwa". Andikeni badala yake: alitaka nini, alimwogopa nani, nani alilipia alichokifanya.

Nawe mwanafunzi, anza leo jioni. Kaa jikoni na bibi yako, au na mzee yeyote wa jirani aliyesikia habari za ule moto wa 1905 kwa waliomtangulia. Msomee ukurasa ule wa Kitunda na Kinjeketile, polepole, bila kumweleza nani ni mwema. Kisha muulize kama Kinjeketile alitenda haki kukataa kukiri. Nyamaza, hata akikaa muda mrefu akichochea moto bila kusema kitu. Atakaposema, andika maneno yake kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kabla ya hoja zako mwenyewe.