Lijue Rejesho Lako, Itunze Nyumba Yako

Kama una mkopo wa nyumba, leo jioni itafute ile ratiba ya marejesho uliyopewa benki siku ya kusaini, uisome mstari kwa mstari. Wengi tumeifungia kabatini pamoja na nakala ya hati, tukabaki na namba moja tu kichwani: kiasi kinachokatwa mshahara ukiingia. Namba hiyo peke yake haikuambii unakokwenda.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 60 kwa miaka 15, riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio. Rejesho lake ni kama shilingi 840,000 kwa mwezi. Sasa tazama mwezi wa kwanza: riba peke yake ni 750,000. Deni lenyewe limepungua kwa 90,000 tu! Ukienda hivyo mpaka mwisho, utakuwa umelipa zaidi ya milioni 151.

Inauma, lakini usikate tamaa, kwa sababu hesabu hiyo hiyo inaweza kukufanyia kazi. Ongeza laki moja kila mwezi tangu mwanzo, na mkopo huo utakwisha kabla ya miaka 11 kutimia, huku takribani milioni 30 zikibaki mikononi mwako. Hata aliyekwisha kufika katikati ya safari bado ana cha kuokoa. Basi nenda kaulize. Mkataba unaniruhusu kulipa zaidi? Kuna ada ya kumaliza mapema? Nikileta ziada, inapunguza deni la msingi au inahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao? Riba inaweza kupanda? Bima imo ndani ya rejesho au nailipa kando? Uliza bila woga, na uombe majibu kwa maandishi. Nyumba ni yako na jasho ni lako.

Halafu kuna gharama ambayo haimo kwenye ratiba yoyote: matunzo ya nyumba. Kodi ya jengo, tangu 2021, inakatwa kidogo kidogo kwenye umeme wa LUKU, hivyo huwezi kuisahau. Lakini matunzo hayana wa kukukata. Jikate mwenyewe! Ukitenga 50,000 kila mwezi kwenye akaunti usiyoigusa, kwa mwaka una 600,000 za fundi, bila kukopa tena.

Zitumie kwa majira. Kwa sisi wa Dar es Salaam na Pwani, masika huanza Machi, kwa hiyo Februari ndiyo mwezi wa paa. Fundi apande akague misumari ya bati. Ile raba iliyo chini ya kichwa cha msumari hukaushwa na jua hadi ikapasuka, na maji yakapata njia. Hayadondoki sebuleni siku hiyo. Hutambaa kwenye kenchi, mbao zikalowa taratibu, dari ikaota doa la rangi ya chai, na mchwa wakafuata. Kubadilisha misumari ni kazi ya asubuhi moja. Kubadilisha kenchi ni kuezua nyumba. Siku hiyo hiyo safisha mifereji ya paa na uzibue mtaro, maji yasisimame kwenye msingi. Lipu na rangi zisubiri kipupwe, Juni hadi Agosti, kuta zikiwa zimekauka. Walio karibu na bahari wakwangue kutu kwenye nondo za madirisha na kupaka rangi ya kuizuia, kwa maana chumvi haina likizo. Kabla ya vuli ya Oktoba, kagua paa tena.

Na kama kipato hakitoshi kwa ziada ya benki na matunzo kwa pamoja, mimi nasema anza na paa. Deni linaweza kungoja ratiba yake, mvua haingoji. Mwezi huu mshahara ukiingia, tenga fungu la nyumba kwanza, hata likiwa 20,000, kisha mwezi ujao uongeze.